Mtoto wa Upande wa Pili wa Kitabu

4 Mei

Mwanangu Mdadisi,

Kosa wanalofanya watu wengi wakitumwa kupima shule ni kuamini masikio. Mtoto anasimama, anashika karatasi, maneno yanamtoka kama maji ya bomba, na mpimaji anaweka alama ya vema. Hakuna anayeuliza kama macho ya mtoto yalikuwa kwenye karatasi au kwenye dari. Nilikagua shule mpaka nikastaafu, na watoto wengi walioletwa mbele yangu wakiitwa wasomaji walikuwa kasuku wenye sare.

Kwa hiyo nakupa mbinu yangu, ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote. Mtoto akishasoma, ichukue ile karatasi, igeuze juu chini, mpe tena. Msomaji wa kweli atasita, atacheka, au atakwambia, mwalimu, umenipa vibaya. Kasuku ataendelea tu, kwa sababu hakuwa akiitazama tangu mwanzo.

Halafu jihadhari na wastani. Wastani ni kama blanketi la familia: ukiliona kwa juu utadhani wote wamefunikwa. Lifunue uone miguu ya nani iko nje. Ukiambiwa darasa limepanda, uliza limepanda na nani.

Mratibu aliyekupa kazi hii alikuwa kijana wangu ofisini. Kazi ya ukaguzi alijifunza kwangu, akitembea nyuma yangu na mkoba. Ni mtu makini, ila ana haraka. Mheshimu, lakini usimwogope.

Umeniuliza kwa nini sipokei simu. Sikio langu la kushoto lilistaafu kabla yangu, na kwenye simu watu hukubaliana kabla hawajafikiri. Wewe niandikie. Dereva wa gari la vitabu anapita hapa kwangu, naye ni mpole, anasubiri mpaka nitafute miwani.

Shangazi yako

*

13 Mei

Shikamoo Shangazi,

Barua yako niliisomea ndani ya gari la vitabu, katikati ya maboksi. Dereva akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia kasuku.

Acha nikueleze huu mradi ulivyo, maana nadhani unaujua kwa jina tu. Unaitwa Meza za Kusoma. Darasa la pili lote, tangu lilipokuwa la kwanza, limetolewa kwenye madawati na kupangwa kwenye meza za watoto sita sita. Kila meza ina kitabu kimoja kikubwa, na mtoto hodari ndiye kiongozi wa meza. Kitabu kinakaa mbele yake, yeye anaonyesha kwa kidole, wenzake wanafuata. Wakati wa kusoma ubao unafunikwa kwa shuka, kwa sababu wataalamu walisema ubao unawafundisha watoto kuimba badala ya kusoma. Kuandika kutaanza darasa la tatu. Basi miaka yote miwili ni meza, kitabu na kidole.

Na mradi unafanya kazi, Shangazi. Nilikuja nikiwa na mashaka lakini sikatai nilichokiona. Shule zenye meza zimeziacha mbali zile zisizo nazo. Mratibu anatembea kama mtu aliyepata mjukuu.

Lakini nimefunua blanketi. Karibu kila meza ina mtoto mmoja au wawili waliopata sifuri. Mwaka jana sifuri, mwaka huu sifuri. Rasimu ya ripoti inapendekeza kwamba mwisho wa muhula watoto hao wahamishiwe mkondo wa kazi. Watafuma vikapu na kupalilia bustani ya shule, na meza zitabaki na wanaofundishika. Hilo ndilo neno lililoandikwa, wanaofundishika. Nikauliza kama kuna mtoto aliyewahi kurudi kutoka mkondo huo katika shule walizoujaribu. Mratibu akanijibu kwa upole kwamba swali hilo halimo kwenye hojaji.

Yupo msichana mmoja hapa shule ya machimboni, wenzake wanamwita Kimya. Anaishi ng'ambo ya machimbo ya mawe, na kila asubuhi humfikisha kwanza mdogo wake kwa bibi yao, ndipo aje shule akihema. Nilimpa karatasi. Aliitazama mpaka nikaona aibu mimi. Hakutoa hata sauti ya herufi moja. Nikakumbuka mbinu yako, nikaigeuza juu chini.

Akasoma. Aya nzima, sauti safi, mpaka nukta ya mwisho.

Nikarudia kwa wengine waliopata sifuri, hapa na shule nyingine mbili. Wengi wao wamefanya vivyo hivyo. Viongozi wa meza ndio waliokwama karatasi ilipogeuzwa. Kwa kanuni yako, hao wa sifuri ni kasuku. Lakini kasuku gani huyu anayesubiri karatasi igeuzwe ndipo aimbe? Niandike nini?

Mdadisi wako

*

18 Mei

Mwanangu,

Swali lako ni zuri na jibu lake ni rahisi. Umemkamata kasuku, ila ni kasuku mwoga.

Mtoto aliyekwisha kushindwa mara nyingi huziogopa herufi kama mtu anavyomwogopa mbwa aliyewahi kumng'ata. Ukimwonyesha karatasi ilivyo, anaona mbwa, anafunga mdomo. Ukiigeuza, zile si herufi tena machoni pake, ni michoro. Hofu inaondoka, na aya aliyoisikia mezani kila siku inatoka yenyewe kifuani. Aya mliyowapimia si imetoka kwenye kile kitabu kikubwa? Basi. Andika kwamba wamekariri.

Najua moyo wako. Ulipokuwa mdogo ulimlilia hata kuku aliyefungwa miguu. Lakini huruma ifanye ukiwa na mtoto, si ukiwa na kalamu. Mtoto anayekariri akiandikwa msomaji, hakuna atakayemfundisha kusoma.

Kuhusu mkondo wa kazi tutagombana nao kwa wakati wake. Kwanza ukweli, kisha ugomvi.

Mratibu naye ameniandikia kunisalimia. Kuna jambo dogo ameniomba. Nitakueleza likikamilika.

Shangazi yako

*

30 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa darasani, shule ya machimboni, wakati wa mapumziko. Nimekaa kwenye kiti cha kiongozi wa meza. Mbele yangu, upande wa pili, amekaa yule msichana. Amezuiwa kutoka kucheza kwa sababu ya kuchelewa. Mwalimu wake si mkali, ila kanuni ya shule ni kanuni. Basi kila mtu yuko na yake.

Nimefanya ulivyosema. Wote wa namna ile nimewaandika kuwa wamekariri, na Mratibu amefurahi kupata neno. Anasema sasa pendekezo la kuwahamisha lina mguu wa kusimamia. Mimi silipendi, lakini sina hoja. Chukua huyu aliye mbele yangu. Kimya hasomi, anakariri, na nadhani hata

Shangazi, sentensi hiyo niliiacha hapo, na sitaimalizia.

Nilikuwa naiandika, nikaona kidole kidogo kinakuja juu ya karatasi kutoka upande wa pili. Kilikuwa kinafuata mwandiko wangu, neno kwa neno, bila kugusa wino uliokuwa bado mbichi. Na sauti ndogo ikasema, "Kimya hasomi, anakariri." Kisha akaniangalia usoni. "Kukariri ni nini?"

Niliweka kalamu chini. Akauliza kama ni kitu kibaya.

Nilichukua karatasi nyingine nikaandika upuuzi wa kwanza uliokuja kichwani, kwamba tembo ameazima soksi za mjomba. Akausoma pale pale alipokaa, polepole, akiyakata maneno vipande kama anayeshuka ngazi. Halafu akacheka, akauliza sasa mjomba atavaa nini. Hakuna kitabu duniani chenye sentensi hiyo. Asingeweza kuikariri.

Nikaigeuza karatasi imwelekee yeye, kama tunavyofanya tunapompima. Akanyamaza kama mtu aliyefungiwa mlango.

Nikamwomba tubadilishane viti. Nilipokaa kwenye kile chake na kukitazama kitabu kikubwa kutoka pale, nilitamani kujipiga kofi. Kutoka pale herufi zote zimesimama kwa vichwa vyao. Anayechelewa hupewa kiti kilichobaki, na kiti kinachobaki siku zote ni cha upande wa pili wa kitabu. Mwaka wa pili huu anakisoma kitabu kikiwa juu chini. Ubao umefunikwa, daftari hajapewa, na nyumbani hakuna cha kusoma. Upande mwingine wa herufi hajawahi kuonyeshwa. Amejifunza kusoma kwa shida kuliko wote darasani, nasi tumempa sifuri.

Na unajua ni nani wanaokaa upande ule? Wanaotoka mbali. Wanaopeleka wadogo zao kwanza. Wanaoosha vyombo vya jana kabla ya kuja. Tumewapima kwa upande ambao hatukuwahi kuwapa.

Niambie cha kufanya, na usiniambie nisubiri.

Mdadisi

*

4 Juni

Mwanangu,

Nilikosea, tena nikiwa na uhakika. Tuishie hapo kuhusu mimi, kuna kazi.

Ila nikueleze kosa lilikotoka, ili usilirithi. Ile mbinu niliitunga enzi ambazo mtoto alikuwa na kitabu chake au hakuwa nacho kabisa. Mbinu hubeba chumba ilichozaliwa. Mimi nimeihamishia kwenye chumba chenye meza za kuzunguka bila kwanza kukaa kwenye kila kiti. Wewe umekaa. Ndiyo maana sasa unajua kuliko mimi.

Sasa fanya hivi. Tunga hadithi mpya ambayo hakuna mtoto wala mwalimu aliyeiona. Ikate mara mbili. Kila mtoto wa darasa asome nusu moja karatasi ikiwa imemwelekea, na nusu nyingine ikiwa imegeuzwa. Wengine waanze na hii, wengine na ile, asije mtu akasema ni uchovu. Pima wote, hodari na wa sifuri, maana ukiwapima wa sifuri peke yao utaambiwa ulitafuta ulichotaka kukiona. Na mtoto anakaa kiti gani aandike mwalimu wa darasa, kabla wewe hujampima yeyote, na karatasi yake ibaki kwake mpaka umalize. Yote haya ni kwa sababu moja. Watakaoumizwa na jibu lako hawatasema uongo. Watasema tu kipimo kilikuwa na kasoro. Usiwaachie kasoro.

Na usifanye kwa kujificha. Mwambie Mratibu waziwazi. Sisi hatuna la kuficha.

Lile jambo dogo nitalimaliza mwenyewe.

Shangazi yako

*

4 Juni

Mratibu,

Salamu kwako na kwa mama watoto.

Uliniomba dibaji ya ripoti yako nikakuandikia, nikaisifu kazi na nikaeleza kwamba watoto wa sifuri wanakariri. Naomba unirudishie. Sina shida na lugha yake. Nina shida na ukweli wake. Watoto wale wanasoma. Wanasoma kutoka upande uliowakalisha.

Mpwa wako wa kazi, maana binti yangu Mdadisi ni kama mpwa kwako, atakuletea matokeo mapya kabla ya mkutano wa kamati. Yasubiri. Kumhamishia mtoto mkondo wa kazi ni jambo la siku moja. Kumrudisha sijawahi kuona kukifanyika.

Mkaguzi mstaafu

*

9 Juni

Shikamoo Mama,

Nimepokea barua yako kwa heshima ile ile niliyokuwa nayo nilipokuwa nabeba mkoba wako.

Kwa bahati mbaya dibaji imekwisha kuchapwa, na nakala zimekwisha kufika kwa wajumbe. Kuitoa sasa kutaleta maswali yatakayouumiza mradi mzima, na mradi huu, Mama, umewafundisha watoto wengi kusoma. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mkaguzi haangalii mti mmoja akasahau shamba.

Kuhusu binti yetu: mwongozo wa upimaji unasema karatasi iwekwe ikimwelekea mtoto. Matokeo yatakayopatikana kwa namna nyingine hayataingizwa. Kusoma ni kusoma kama watu wote wanavyosoma. Maisha hayatawageuzia karatasi.

Tafadhali pumzika. Umetufanyia mengi.

Mratibu

*

12 Juni

Shangazi,

Leo sianzi na shikamoo. Nikituliza moyo nitaileta.

Nimeipata ripoti. Imechapwa vizuri, ina jalada gumu. Nimefungua ukurasa wa kwanza nikakutana na jina lako, na chini yake maneno yako: kasuku wenye sare. Nimeyasoma nikiwa nimesimama uani, na dereva akaniuliza kama kuna msiba.

Kwa hiyo jambo dogo lilikuwa hilo. Uliponiambia niandike kwamba wamekariri, ulikuwa umekwisha kumwandikia Mratibu hivyo hivyo? Uliponiambia hatuna la kuficha, hilo ulikuwa umeliweka wapi? Nimekaa na watoto hawa. Walipomaliza kusoma hadithi yangu mpya walitaka kujua mwisho wake, hata wale wa sifuri, hata Kimya, ambaye sasa hanyamazi na mwalimu anaanza kujuta. Wamenisomea ukweli usoni, na jina la ukoo wangu ndilo linalowapeleka kupalilia bustani.

Matokeo haya hapa, sikuandikii ili unipongeze. Nimepima darasa zima katika shule tatu. Wanaokaa upande wa kiongozi wanasoma karatasi ikiwaelekea na kukwama ikigeuzwa. Wanaokaa upande wa pili, ni kinyume chake kabisa. Wanaokaa ubavuni wanahangaika pande zote mbili, na hao hakuna aliyewahi kuwafikiria, hata mimi. Katika shule zisizo na meza, nilizozipitia kwa siku zangu za mapumziko, jambo hili halipo. Mpangilio wa viti umefuatwa na sifuri kama kivuli.

Mratibu amekataa kuyapokea. Amesema niwasilishe yaliyomo kwenye mwongozo au niache kazi. Nimemwambia nitakuja kwenye mkutano wa kamati na karatasi zangu, aniondoe akipenda mbele za watu.

Wewe kaa na dibaji yako.

Mdadisi

*

15 Juni

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili na sioni pa kukukosoa.

Dibaji niliiandika. Niliomba irudishwe siku ile ile niliyopata barua yako ya mtoto na kidole. Jibu la Mratibu nakuwekea humu, lisome mwenyewe. Sikukwambia kwa sababu nilitaka kusafisha kabla hujaona uchafu. Wazee tuna ugonjwa huo, tunauita busara.

Kwenye mkutano nina kiti, kwa ajili ya dibaji hiyo hiyo waliyonialika kuisoma. Nitakuja. Sitaisoma.

Njoo na karatasi zako zote. Uvae viatu vya kusimama muda mrefu.

Shangazi yako

*

24 Juni

Mwalimu wa darasa la pili, shule ya machimboni,

Salamu sana, na pole kwa kazi. Hatujaonana, lakini mimi ni shangazi wa yule binti aliyekuja kupima darasani kwako, aliyekalia kiti cha mwanafunzi wako Kimya. Ameniambia wewe ndiye uliyeandika nani anakaa wapi, ukaitunza karatasi mpaka mwisho bila kuulizwa mara ya pili. Basi una haki ya kujua kilichotokea mkutanoni, na nisingependa ukisikie kwa mtu mwingine.

Ukumbi ulikuwa na meza ndefu. Wajumbe walikaa upande mmoja na Mratibu katikati yao. Mimi nikawekwa upande wa pili, ng'ambo yake. Nikafikiri moyoni, hata hapa.

Walinikaribisha nisome dibaji. Niliomba radhi, nikasema nimekuja na ukurasa mwingine. Ulikuwa ni kipande cha hadithi ya binti yetu, ameuandika kwa herufi kubwa. Niliuweka mezani ukinielekea mimi, nikaukandamiza pembeni na mkoba wangu ili mtu asiuzungushe, nikawaomba wajumbe wausome kwa sauti kutoka walipokaa. Kicheko kilikuwepo. Mtunza hesabu alijaribu, akakwama neno la pili, akasema miwani yake ni ya zamani. Mjumbe wa wazazi akainamisha kichwa mpaka shavu likagusa meza. Nikawaambia kwamba kwa mujibu wa mwongozo wote wawili wamepata sifuri, na nafasi ya vikapu ipo.

Sitakuficha, nilikuwa nimepanga amalizie Mratibu, ili wamwone akikwama.

Hakukwama. Aliukokota ukurasa kwa macho na kuusoma mpaka nukta ya mwisho, sauti safi, bila kuinamisha kichwa. Nilimfundisha kazi mtu huyu, nilikula naye safarini miaka yote ile, na sikujua.

Akasema, "Tulikuwa saba kwenye kitabu kimoja. Mimi nilikuwa wa saba, upande wa pili." Akaniangalia mimi, si wajumbe. "Nilizunguka mwenyewe, Mama. Hakuna aliyenisogezea kiti."

Mwalimu, nilielewa hapo kwa nini hakutaka kusikia. Kwake yeye mradi ule haukuwa na kasoro. Ulikuwa unachuja watu kama alivyochujwa yeye, naye alipita. Mtu aliyepita kwenye chujio huliona kuwa ni la haki. Ndiyo hatari ya kuwaachia waliofaulu peke yao kazi ya kupima shule, nami najihesabu humo.

Nikamuuliza swali moja. "Na wale wengine waliokaa upande wako, wako wapi leo?"

Alivua miwani akaikunja.

Kisha binti yetu alisimama, akaweka karatasi zake mezani shule baada ya shule, na hakuna aliyemkatiza. Alipoulizwa kama anajua mwongozo unasemaje, alisema anaujua kwa moyo, ameukariri. Mtunza hesabu ndiye aliyecheka peke yake.

Sasa uamuzi. Kamati imeahirisha kuwahamisha watoto mpaka mwisho wa muhula ujao. Watapimwa tena, karatasi ikiwaelekea, na atakayepata sifuri ataondoka. Mpaka siku hiyo mpangilio wa meza usibadilishwe, wanasema, ili kipimo kisiharibike. Binti yetu ameondolewa kazini. Dibaji yangu itachanwa kutoka kwenye kila nakala, nimewataka waichane nikiwaona.

Lisome vizuri azimio hilo, kwa sababu limeandikwa kwa adabu. Linampa Kimya muda, halafu linamfunga kwenye kiti kile kile kinachomfelisha, halafu linamwekea tarehe. Wanataka kipimo kibaki safi na mtoto abaki upande wa pili. Miaka yangu yote nimewafundisha vijana kutogusa kitu kinachopimwa. Hiyo ni kanuni nzuri kwa mizani na kwa mahindi. Mtoto hangojei tumalize kupima ndipo akue.

Kwa hiyo nakuomba uvunje azimio: kila siku watoto wazunguke meza, ili kila mmoja apite pande zote za kitabu. Sikuombi ulivunje kwa siri. Mratibu akija na kukuta watoto wamehama viti, mwambie ni mimi niliyekutuma, na barua hii mwonyeshe. Mwandiko wangu anaujua. Nadhani ataisoma hata akiwa amesimama ng'ambo ya meza. Na nadhani, ingawa siwezi kukuahidi, atairudisha mezani na kuondoka, viti akiviacha vilivyo.

Usiogope kwamba wale wa upande wa pili watachanganyikiwa. Watachanganyikiwa, siku chache. Na viongozi wa meza watalalamika zaidi, maana kwa mara ya kwanza wao ndio wataona herufi zimesimama kwa vichwa. Waache walalamike. Waambie wamwombe Kimya awasaidie, upande ule anaujua.

Binti yetu yuko njiani kuja kwako na gari la vitabu, safari hii bila kutumwa na mtu. Atakuwa nawe muhula mzima, na atapima, kwa sababu tukishinda tunataka kujua kilichotupa ushindi.

Lakini usimsubiri. Leo, kabla hujafungua kitabu, mwambie kila mtoto asogee kiti kimoja.

Shangazi wa Mdadisi, mkaguzi mstaafu